Anueni Mihogo, Kapteni Anarudi

Wadogo zangu wa mnarani,

Siku mliponiaga nilipostaafu, mmoja wenu alinisogelea na soda yake mkononi akaniuliza ile jante, ringi ya gurudumu la lori, inayoning'inia juu ya ngazi ya mnara ni ya nini, na kama haiwezi kuuzwa kwa wanaonunua vyuma vibovu. Nilimjibu kwamba habari yenyewe ni ndefu na keki inakwisha. Keki ilikwisha kweli, na mimi nikaenda nyumbani bila kueleza. Tangu hapo uwanja wa ndege wa Kavumu umenyamaza kwa sababu ya vita, ninyi mmetawanyika, na mimi nashinda barazani nikiangalia mawingu ambayo hakuna anayenilipa tena kuyaangalia. Naona ni afadhali niandike. Siku ndege zitakaporudi, sitaki nisikie kwamba kazi yenu ya kwanza ilikuwa kuiondoa jante.

Habari za vyeo vyangu vya uongozaji ndege siziandiki, mtanisamehe. Vyangu vilikuja kama zile ndege za kutoka Kinshasa, vimechelewa na mizigo haijakamilika.

Mara ya kwanza kupanda mnara nilivaa viatu vya kisigino, na sikurudia tena. Juu nilimkuta Papa Kasongo, mtu wa Maniema, mfupi, mwenye sauti ambayo marubani waliitambua kabla hajamaliza neno. Alikuwa anamimina chai. Hakugeuka kuniangalia. Alininyooshea darubini, akanionyesha ile soksi ya kitambaa inayopepea kando ya njia ya kurukia, ambayo sisi tuliiita manche.

"Ile manche inakuambia nini?"

"Upepo unatoka ziwani, Papa."

"Miye inaniambia iko imepasuka. Kila siku naomba ingine. Upepo utaijua kwa moshi ya ba mama, kule kwa majiko yao."

Ndivyo nilivyojifunza upepo. Moshi wa Kavumu ukisimama wima, hakuna upepo. Ukilala upande wa mlima, ziwa linapumua. Ukianza kuzunguka juu ya paa kana kwamba umesahau njia, mvua ya kisiwa cha Idjwi iko karibu, na rubani yeyote mwenye akili akae chini anywe chai. Baadaye walituletea kifaa cha kupimia upepo kutoka nje, kizuri, chenye taa ya kijani. Kilifanya kazi mpaka umeme ulipokatika, kisha tukarudi kwenye moshi. Redio nayo ilikuwa na tabia zake. Ilitaka kupigwapigwa ubavu wa kushoto, kwa kiganja, kwa adabu. Ukiipiga kwa hasira inanuna mchana mzima.

Lakini kitu kikubwa alichonipa Papa Kasongo ni kanuni moja, ambayo haimo katika vitabu vyetu vya kazi. Aliniambia siku hiyo hiyo ya kwanza.

"Ndege yenye umeruhusu iruke, ile iko mutoto yako. Zamu yako haiishake sababu saa imefika. Inaishaka wakati mutoto anagusa chini."

"Hata kama nina homa, Papa?"

"Utahoma hapa hapa."

Nikaishika. Mwenzangu wa zamu akifika, nilimpa maikrofoni na kiti cha mbele, mimi nikahamia kiti cha nyuma, nikasubiri mtoto wangu atue au nisikie ametua kule alikokwenda. Mume wangu alinung'unika miaka ya mwanzo. Baadaye alijifunza kupika mwenyewe sambaza, zile dagaa za ziwani, tena akawa anazipika vizuri kuliko mimi, jambo ambalo sikumwambia.

Sasa nije kwenye mihogo. Mnakumbuka ule uwanda wa saruji upande wa chini wa mnara, ule uliopasuka pasuka. Ulijengwa zamani kwa ajili ya ndege kubwa ambazo hazikuja. Saruji ile inashika jua tangu asubuhi, na wanawake wa Kavumu waliona mapema kuliko wahandisi kwamba pale ni mahali pa kuanika mihogo. Kulikuwa na kibao cha kukataza. Mama Nsimire, mkubwa wao, alikuwa anatundika kitenge chake juu ya kibao hicho akifika, kisha anaanza kazi. Wiki yangu ya kwanza mkuu wa uwanja alinituma nishuke nikawafukuze. Nilishuka na uso wa serikali. Nilirudi juu na kikapu cha parachichi, na Papa Kasongo akaniomba moja bila kuuliza mambo yalikwendaje.

Jante ni yake yeye. Kulikuwa na lori lililokufa kwenye mfereji nje ya geti, na kabla mafundi hawajalimaliza lote, alikwenda akachukua jante moja, akaifunga kwa waya pale juu mlangoni ambapo mkono unaifikia bila kuiacha redio. Aligonga kwa spana kubwa. Ndege inapokaribia, jante inalia, wanawake wanaanua, ndege inatua, wanaanika tena. Wageni waliokuja kutukagua walidhani ni kengele ya hatari. Hatukuwasahihisha.

Papa Kasongo alipostaafu, aliniachia kiti, spana na birika. Miaka ikapita. Kisha vita vya kule juu milimani vikawaka tena, na jeshi likatuletea helikopta moja. Hakuna aliyetuambia inakuja lini. Niliisikia kabla sijaiona, mngurumo unaokuja kupitia miguuni, halafu ikatokea juu ya migomba, rangi ya majani makavu, ikashuka moja kwa moja juu ya saruji ya Mama Nsimire.

Mihogo ikaruka. Ninapofumba macho bado naiona. Nilikuwa juu kule, na vile vipande vyeupe vilipanda mpaka usawa wa kioo changu, vikapita mbele yangu taratibu, vikizunguka, vingi, na jua nyuma yake. Kwa muda nilisahau kwamba ni chakula cha watu. Niliwaza tu kwamba havijaniomba ruhusa ya kuruka. Kisha vikaanza kuanguka kila mahali, nyasini, juu ya paa la bohari, juu ya gari la mkuu wa uwanja.

Nilishuka mbio. Mapanga ya helikopta yalipotulia, akatoka kijana mrefu, pengo katikati ya meno ya mbele, akavua kofia yake ya rubani. Mama Nsimire alikwisha kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Afande, njo weye ulirusha mihogo yetu?"

"Njo miye, Mama."

"Okota. Usiache hata moya."

Askari aliyekuwa naye alicheka. Kijana hakucheka. Alipiga goti na lile vazi lake la kurukia lenye zipu nyingi, akaanza kuokota. Askari yule aliangalia pembeni kidogo, kisha naye akainama. Mimi pia niliinama, maana kusimama peke yangu kulianza kuwa aibu.

"Unatoka wapi?" Mama Nsimire alimuuliza, akimfuata nyuma na ungo.

"Bagira. Mama yangu anaanikaka juu ya bati."

"Na mama yako anatwangaka mihogo yenye mavumbi?"

"Apana, Mama."

"Basi kung'uta."

Akakung'uta kipande kimoja kimoja kwenye mguu wa suruali. Huyo ndiye Kapteni Murhula. Hapo hapo, na mikono yetu myeupe kwa unga, tulipatana. Milimani redio hazipenyi, lakini akivuka mgongo wa mwisho wa mlima sauti yake inanifikia. Ataniita wakati huo, mimi nitagonga jante, na wanawake watakuwa na nafasi ya kutosha ya kuanua. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote na hayakuvunjwa hata siku moja. Mikataba mingine niliyoiona katika nchi hii ilikuwa na mihuri.

Redioni tunatakiwa kusema Kifaransa, maneno machache, ya kazi tu. Murhula alifuata sheria hiyo vizuri kuliko wote, mpaka anapovuka mgongo ule. Hapo sauti yake ilikuwa inashuka kidogo, inakuwa sauti ya mtu anayevua viatu mlangoni.

"Maman, mihogo."

Nami nagonga. Halafu kutoka mlimani mpaka chini alikuwa ananisimulia alichokiona, kwa sababu alijua mimi ninayeruhusu watu waruke sijawahi kuruka. Ni kweli, sijapanda ndege maishani mwangu. Niliona nchi yangu kutoka juu kwa maneno yake. "Maman, Idjwi leo imelala, imejifunika ukungu mpaka kwa kichwa." Au akitoka uwanda wa Ruzizi, "Pale Sange jua inapiga bati, yote inawaka mara moya, unasema ni maji." Aliniambia kwamba mashamba ya chai yakinyeshewa yanageuka rangi pole pole kutoka upande mmoja, na kwamba mitumbwi ya wavuvi ziwani inaacha michoro ambayo wao wenyewe hawaioni. Nilikuwa nafumba macho na maikrofoni mkononi. Kazi yangu ilikuwa kumwongoza, lakini mara nyingi ni yeye aliyenichukua.

Nilikuwa naona pia kwamba anachelewa kidogo kila mara. Siku moja nilimuuliza akiwa amekaa kwenye ngazi yetu na kikombe cha chai. Akasema anapita juu ya Bagira, anazunguka nyumba ya mama yake mara moja tu. Mama akisikia mngurumo anatoka uani, anaangalia, kisha anarudi ndani kuweka sufuria ya bugali, ugali wa mihogo, motoni.

"Anajuaka sasa nimefika," alisema.

"Na kama uko na kazi kambini, hauendi nyumbani?"

"Anafunika chakula. Inaningojea."

Alichokuwa anakibeba hakukitaja. Nilijua kwa magari. Likiitwa lori, ni mchele au ni masanduku ya jeshi. Ikiitwa ambulansi, ni majeruhi, na siku hizo alikuwa anakaa kwenye ngazi bila kusema, na chai inapoa, na mimi sikumsumbua. Mara moja tu alifungua mdomo. "Maman, kule juu vita haionekanake. Unaona mashamba, unaona moshi. Moshi ya kupika na moshi ya nyumba inaungua, iko sawa tu." Nilimwongezea sukari.

Nilimpenda yule kijana. Nasema wazi, maana kazi yetu inatufundisha kusema kila kitu kwa sauti moja, na ukiizoea sana unaweza kumaliza maisha hujamwambia mtu.

Siku yenyewe ilianza vizuri kupita kawaida. Moshi wa Kavumu ulisimama wima, mweupe, kila jiko na uzi wake. Alikuwa anakwenda milimani kuchukua majeruhi. Alisema maneno yake ya Kifaransa, nami nikasema yangu, nikamruhusu. Nikamfuata kwa darubini mpaka akawa nukta, na nukta ikaingia katika rangi ya mlima.

Mchana mawingu yalianza kujikusanya juu ya Idjwi. Nilikuwa nayatazama hayo nilipoisikia.

"Maman, mihogo."

"Nimesikia, mon capitaine. Upepo haiko. Mvua bado iko Idjwi."

"Nitaitangulia. Umuambie Mama Nsimire asiache hata moya."

Sauti ilikuwa ile ile ya kuvua viatu. Nimeirudia kichwani mara nyingi kutafuta kama ilikuwa na kitu ndani yake, na sijakikuta. Niligonga jante. Wanawake wakaanua, wakabeba vikapu mpaka nyasini, wakasimama wakiangalia upande wa mlima na viganja juu ya macho, kama walivyozoea, kwa sababu walipenda kumwona anavyotokea. Nilisubiri aniambie Idjwi leo inafanya nini.

Nikamwita. Nikapigapiga redio ubavu wa kushoto, nikamwita tena. Moshi wa Kavumu ukaanza kuzunguka juu ya mapaa. Mvua ikaja kutoka ziwani, ikaufunika uwanja wote, na wale wanawake hawakuondoka. Walisimama na vikapu vichwani, mihogo ikilowa, na Mama Nsimire amegeuza uso kuangalia kioo changu. Nilikuwa juu kule na redio na darubini, nikaendelea kuita.

Mwenzangu alikuja akachukua maikrofoni. Mimi nikahamia kiti cha nyuma, nikakaa. Hakuna aliyeniambia niende nyumbani, walijua kanuni yangu. Asubuhi yake ndipo walipokuja kuniambia helikopta imeonekana msituni, upande wetu wa huku, chini tu ya ule mgongo wa mwisho, na kwamba hakupona yeye wala wale aliokuwa anawaleta. Waliotumwa kuchunguza walirudi na majibu mawili. Wengine walisema alipigwa kutoka chini, wengine wakasema wingu lilimficha mlima. Kwa muda mrefu niliuliza lipi ni kweli. Sasa nimeacha.

Sanduku lililetwa Bagira likiwa limefungwa, na bendera juu yake. Nilikwenda. Kanali mmoja alisoma hotuba nzuri, akasema Kapteni amekufa jina la taifa likiwa mdomoni mwake. Mimi ndiye niliyesikia kilichokuwa mdomoni mwake, lakini hapo hapakuwa mahali pangu pa kusema. Kisha mama yake akasogea. Mwanamke mdogo wa mwili, kitenge cha kila siku, hakuwa amevaa cha msiba. Aliingiza mkono chini ya sanduku upande mmoja, akalinyanyua kidogo.

"Iko nyepesi," alisema. Akamwangalia kanali. "Mulimuokota yote?"

Kanali aliangalia viatu vyake.

"Basi mutoto yangu hayafika bado," mama akasema, akaingia ndani.

Walizika bila yeye. Mkeka wa kilio ulitandikwa uani, wanawake wa mtaa wakakaa, lakini mahali pa mama palibaki wazi, na kilio kisichokuwa na mama hakina pa kuanzia wala pa kuishia. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wamechanganyikiwa. Yeye aliendelea na siku zake. Jeshi lilileta helikopta nyingine, na kila ilipopita juu ya Bagira alitoka uani, akatazama, akarudi kuweka sufuria motoni. Akapika, akafunika, akangoja. Yeye mwenyewe alikataa kula kabla mwanawe hajafika. Kwa kulazimishwa alikubali uji kidogo, mara chache. Yote haya niliambiwa na binti yake, dada mkubwa wa Murhula, aliyenifuata mpaka kazini. Alisimama chini ya ngazi akilia bila sauti.

"Maman, mama anakauka. Padri alikuya, akashindwa. Weye njo ulimusikia mwisho. Kuya umuambie."

Nilikwenda nikiwa naogopa, sifichi. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akakaa mbele yangu. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko.

"Ule mukubwa alisema mutoto yangu alikuwa anataja inchi yetu," alisema. "Weye ulisikia ile?"

"Apana, Mama. Sikusikia inchi. Alitaja mihogo."

Hapo ndipo aliponiangalia kweli. Nikamweleza yote, tangu siku mihogo ilipopita mbele ya kioo changu, na jinsi mwanawe alivyopiga goti, alivyokung'uta, ile jante, na lile neno lake la mwisho kwa Mama Nsimire. Aliposikia habari ya kukung'uta, mdomo wake ulitikisika, nikaona pengo lile lile kati ya meno, na sikujua kama anacheka.

"Kumbe alikuwa anarudi," alisema.

"Alikuwa anarudi, Mama."

"Na weye uligonga?"

"Niligonga."

"Na ba mama walianua?"

"Yote. Walisimama kwa mvua kumungojea."

Nje kuku walikuwa wanachakura. "Miye siku ile nilikuwa nimeanika juu ya bati," alisema mwishowe. "Nilikuwa nangojea kusikia helikopta njo nitoke. Haikupita. Mihogo yangu ilibakia inje, mvua ikaiharibu. Bote walimuanulia. Ni miye tu sikumuanulia."

Nilimwambia hakukosea kitu, hakuna aliyemgongea jante. Hakunisikiliza. Aliuliza kama sisi wa uwanja tungemkubalia aje kuanika pale, naye amwanulie.

Alikuja na binti yake, asubuhi ya jua, na kikapu cha mihogo mibichi iliyomenywa usiku. Mlinzi wa getini aliniangalia, mimi nikamwangalia, akafungua. Mkuu wa uwanja alikuwa dirishani mwake, na namshukuru mpaka leo kwamba alivuta pazia. Mama Nsimire na wenzake walikuwa wameanika pembezoni wakaacha katikati wazi, palepale helikopta ilipokuwa inatua. Mama Murhula akatandaza mihogo yake, kipande kwa kipande, akaketi pembeni yake, akangoja jua lifanye kazi. Hakuna aliyezungumza naye na hakuna aliyemwacha. Mimi nilikuwa napanda na kushuka, nikifanya kazi yangu. Ndege ndogo moja ya misheni ikatua, ikaondoka. Mawingu yalipita juu ya Idjwi bila kusimama.

Jua lilipoinama kidogo alisimama, akaniita kutoka chini.

"Maman, gonga."

Nikagonga. Wanawake wote waliinuka kumsaidia, Mama Nsimire akawazuia kwa mkono. Alianua peke yake. Aliinama, akaokota, akakung'uta kwenye kitenge, akaweka kikapuni, akasogea hatua, akainama tena. Saruji ilikuwa bado inatoa joto na hewa juu yake ilikuwa inatetemeka, na kutoka juu nilimwona kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kipande kimoja kilikuwa kimeingia kwenye ufa. Alipiga magoti, akakitafuta kwa vidole, vidole havikufika. Akang'oa ujani wa nyasi, akakivuta nao pole pole, kikatoka. Akakikung'uta hicho kuliko vyote.

Kisha akasimama, akaangalia saruji tupu, akaangalia juu. Sikuwa nimeona mbingu safi namna ile tangu asubuhi ile nilipomruhusu mwanawe aruke.

"Haikubakia hata moya," alisema. "Sasa umuambie ashuke."

Wadogo zangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote na hakuna kitabu kinachosema lolote juu ya jambo kama hilo. Nilikaa kwenye kiti cha mbele. Hakukuwa na ndege yoyote angani wala yoyote iliyokuwa inatazamiwa. Niliigusa redio ubavu wa kushoto, kwa adabu, nikabonyeza.

"Mon capitaine, huku ni mnara. Upepo haiko. Mihogo yote imeanuliwa. Mama yako iko hapa. Unaweza kushuka."

Nikaachia kitufe, nikasubiri, kama tunavyosubiri kila mara. Redio ilivuma tu, sauti ile ya mbali inayofanana na mvua. Chini, Mama Nsimire alikuwa amekitoa kitenge chake juu ya kibao cha kukataza, amekitandika kwenye saruji. Mama Murhula akaketi juu yake, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wanawake kwenye kilio, akaanza kulia. Sauti yake ilipanda mpaka mnarani. Wale wengine wakaja wakaketi kumzunguka, mmoja mmoja, nami nililia huko juu na maikrofoni mkononi, kitufe kikiwa kimeachiwa, maana adabu ya redio ni adabu ya redio.

Mihogo ile ilimalizia kukauka juu ya bati lake kule Bagira, ikatwangwa, ikasongwa bugali la kilio, kilio cha kweli sasa, chenye mama mahali pake. Nilikuwepo. Alikula. Alikula kidogo, akaomba maji, akala tena.

Kwa hiyo jante ibaki. Spana yake iko kwangu nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni, na ndege zitakaporudi mmoja wenu aje kuichukua. Mama Nsimire atawaambia nyinyi wapya jinsi ya kugonga, na msibishane naye.

Jioni ya siku ile Mama Murhula alipoanua, mwenzangu wa zamu alifika akanikuta bado nimekaa mbele. Akauliza kama kuna ndege yangu yoyote ambayo haijatua, nihamie kiti cha nyuma kama kawaida yangu. Nikamwambia hakuna. Nikampa maikrofoni, nikaosha kikombe changu, nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani.